Mstari wa Kumi na Nne

Anayedhani programu za kompyuta huota zenyewe kama ukungu ukutani hajawahi kumwona Mkunga siku ya kufunga mlango. Siku hiyo mama huyu wa miaka hamsini na minne, karani wa masjala ya hospitali, hukaa mezani pake tangu asubuhi, miwani imemshuka puani, anapokea kazi za watu na kuzikataa bila haya. Anayeleta marekebisho yake dakika tano baada ya saa sita mchana hujibiwa maneno matatu tu: "Toleo lijalo, mwanangu." Abembeleze, anune, aandike barua ndefu yenye vifungu, jibu ni lile lile.

Programu yenyewe inaitwa Kipimo. Muuguzi anaandika uzito wa mtoto na jina la dawa, nayo inamwambia ampe kiasi gani. Kazi ni hiyo tu, lakini ikikosewa hakuna pa kuomba radhi. Ni programu huria, haina mwenyewe. Zahanati yoyote inaweza kuichukua bure, na mtu yeyote mwenye ujuzi anaweza kuifungua aone ndani na kutengeneza palipoharibika. Watu kumi na wawili hivi huijenga kwa kujitolea, kila mmoja kwake. Kila baada ya miezi mitatu kazi zao hukusanywa, hujengwa kuwa kitu kimoja, hujaribiwa, kisha zahanati zinapewa. Hilo ndilo toleo, na wa kulitoa alikuwa yeye, miaka kumi na mmoja mfululizo. Ndipo wakamwita Mkunga.

"Huyo mtoto wenu anazaliwa kila miezi mitatu," mumewe, fundi bomba, alizoea kusema, "na hata siku moja hajaniita baba."

Ukutani juu ya mashine yake Mkunga alikuwa amebandika karatasi yenye sheria tatu, mwandiko wake mwenyewe wa masjala, herufi zimesimama wima. Fagia. Jaribu. Someaneni.

Hiyo ya kwanza ndiyo iliyowatoa watu jasho. Kompyuta nayo ina uvivu wake: ikijenga programu leo, huweka kando vipande ilivyokwisha kuvijenga ili kesho isianze upya. Siku za kawaida uvivu huo unasaidia. Siku ya toleo ni hatari, maana kipande cha zamani kinaweza kujipenyeza ndani ya kazi mpya na mtu asijue. Kwa hiyo kabla ya kujenga toleo lazima vyote vifutwe, mashine ianze na sakafu tupu. Kwa mashine ya Mkunga, iliyokuwa ikihema kama mwenye pumu, kujenga toka mwanzo kulikula saa tano. Wengi waliona ni kupoteza muda. Mmoja wao, msomi kwelikweli, aliwahi kuleta kazi aliyoijenga juu ya mabaki, na Mkunga akamwandikia mbele ya wote: "Shahada mbili, na ufagio huna?" Yule bwana hakurudi tena kwenye mradi, na Mkunga hakujuta.

Sheria ya tatu ilikuwa ya watu wawili. Toleo halikutoka mpaka wenye funguo wawili wasomeane orodha ya mabadiliko kwa sauti, mstari kwa mstari, kwa zamu, kisha kila mmoja atie saini kwa ufunguo wake. Ufunguo ni faili ya siri iliyohifadhiwa kwenye flashi, yenye nywila ndefu. Bila saini zote mbili, kompyuta za zahanati zinalikataa toleo. Ufunguo wa kwanza ulikuwa wa Mkunga. Wa pili ulikuwa wa Kikokotoo.

Kikokotoo alikuwa mwalimu wa hisabati aliyestaafu, na jina hilo alipewa na wanafunzi wake kwa kupiga hesabu kichwani huku akiendelea kuwagombeza. Ndiye aliyeandika mstari wa kwanza kabisa wa Kipimo, baada ya mjukuu wake kupewa dawa kupita kiasi na kunusurika kwa tundu la sindano. Alikaa upande wa pili wa mji, mwendo wa nusu saa, lakini kusomeana kwao kulikuwa kwa simu. Waliitana kaka na dada, mpaka mke wake naye akawa wifi wa Mkunga, wakatumiana salamu na kulalamikiana magonjwa ya magoti. Na kila siku ya toleo, miaka yote hiyo, Kikokotoo hakuanza na salamu. Alianza hivi:

"Dada, umefagia?"

"Nimefagia, kaka. Hata chini ya kitanda."

Ndipo wacheke, waanze.

Mwaka ule Kikokotoo aliugua ini. Alikonda hadi saa ikawa inamteleza mkononi, na katika hali hiyo akaandika kazi yake kubwa kuliko zote: hesabu ya dozi ya watoto njiti. Kipimo cha zamani kilikuwa kinamkataa mtoto mwenye uzito chini ya kilo mbili, na wauguzi wakabaki wanapiga hesabu kwa kalamu, kwenye kipande cha boksi la dawa, mtoto analia pembeni. Wengi walikuwa wameandika kuuliza. Hesabu mpya ilipima uzito kwa sehemu za kumi za kilo badala ya kilo nzima, ili hata yule wa kilo moja na nusu apate haki yake. Kikokotoo aliileta siku nne kabla ya mlango kufungwa. Kwenye orodha ikawa mstari wa kumi na nne.

Toleo lilipangwa kutoka Alhamisi. Jumamosi iliyotangulia, saa moja asubuhi, simu ikalia. Alikuwa wifi.

"Wifi, daktari ametuambia tumrudishe nyumbani."

"Amepata nafuu?"

"Hapana. Siku zenyewe ni za kuhesabu. Jana kutwa anauliza toleo. Asubuhi akili inakuwa timamu, ila saa sita wakimchoma sindano ya maumivu basi, hayupo tena. Kama kuna namna, wifi, lifanye leo. Kesho siijui."

Mkunga akaangalia saa. Kufagia na kujenga upya kungemfikisha saa sita na zaidi mchana, kabla hata ya majaribio. Kujenga juu ya mabaki ni dakika arobaini. Alisimama mbele ya karatasi yake mwenyewe ukutani, akaisoma kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine, kisha akakaa akajenga bila kufagia. Mimi simlaumu kwa hilo. Ninayemlaumu ni Mkunga wa saa moja na nusu baadaye.

Majaribio yalikwenda vizuri hadi yalipofika kwa njiti. Mtoto wa kilo moja na nusu alitakiwa kupewa dozi yake, Kipimo kikampa dozi ya mtoto wa kilo kumi na tano. Mara kumi. Mkunga akarudia, jibu lile lile. Akabadilisha dawa, ikawa hivyo hivyo. Akawauliza wenzake kwa ujumbe, na mfamasia mmoja wa kujitolea, mtu wa makini, asiyesema hovyo, akajibu: "Kwangu imepita vizuri." Sentensi hiyo katika kazi hii ni kichekesho, kila mwenye kosa hudai kwake imepita. Mkunga akamrudishia: "Kwako si zahanati."

Na hapa ndipo alipokosea kwelikweli. Hakujiuliza kuhusu mashine yake. Alimfikiria Kikokotoo kitandani, sindano zile, mkono unaotetemeka juu ya vibonye, akajiambia: maskini, akili imeanza kumwacha. Alimhurumia. Huruma ikamfunga macho, na yule mwanamke aliyefukuza msomi kwa sababu ya ufagio hakukumbuka ufagio. Akautoa mstari wa kumi na nne, akajenga tena, majaribio yote yakapita.

Angeweza kwenda kumwambia uso kwa uso, nusu saa tu. Alichagua simu. Ilikuwa saa nne na robo.

"Dada, umefagia?" Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ni yeye.

"Nimefagia, kaka. Hata chini ya kitanda."

Mdomo ulisema wenyewe, kama unavyojibu salamu. Kikokotoo akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, wakaanza. Mmoja akasoma mstari, mwingine akafuata. Moja, mbili, tatu. Walipofika kumi na tatu ilikuwa zamu ya Mkunga, akasoma. Kikokotoo akachukua kumi na nne.

"Kumi na nne. Tafsiri mpya ya ukurasa wa msaada." Akasita. "Hii ilikuwa kumi na tano. Dada, njiti siwaoni."

"Nimewatoa, kaka."

"Kuna nini?"

"Inazidisha mara kumi. Nimejaribu dawa tatu tofauti."

Upande wa pili Mkunga alisikia godoro likilalamika, mtu anajaribu kuinuka.

"Mara kumi," Kikokotoo akasema.

"Ndiyo, kaka. Ni kitu kidogo, tutakitafuta pamoja, toleo lijalo itaingia."

"Mara kumi ni mtoto wa mtu, dada. Ningeua." Akavuta pumzi. "Umefanya vizuri. Ndiyo maana tunasomeana. Haya, mstari unaofuata."

Wakamaliza. Akatia saini yake, kwenye toleo lisilo na kazi yake, na saa sita alichomwa sindano. Aliishi siku kumi na mbili zaidi.

Msibani Mkunga alikaa na wafiwa, akaosha vyombo, akamshika wifi mkono. Watu wa mradi waliandika rambirambi nzuri kutoka kila upande. Akarudi masjala kwenye mafaili yake. Barua za wauguzi ziliendelea kuja. Mmoja aliuliza: "Ile ya njiti imeingia? Tumepata wengine wawili wiki hii, bado tunapiga hesabu kwa mkono." Mkunga akajibu alivyozoea kujibu.

Wiki ya saba diski ya mashine yake ikafa. Ilianza kugongagonga ndani, ikakata kauli. Mumewe akaipeleka mashine kwa fundi, akairudisha na diski mpya, tupu kabisa, na Mkunga akarudisha msimbo wa Kipimo, yaani maandishi yanayojenga programu, kutoka mtandaoni. Kazi ya kwanza aliyotaka kuifanya ni kutafuta lile kosa la marehemu. Hakutaka libaki na jina lake. Akaweka kazi ya Kikokotoo, akaanzisha ujenzi asubuhi ya Jumapili, akafua, akapika, mashine ikihema mle chumbani. Baada ya saa tano akakaa kujaribu.

Mtoto wa kilo moja na nusu akapata dozi ya kilo moja na nusu.

Akajaribu tena. Akamweka wa kilo moja, wa kilo moja na sehemu mbili za kumi, wa kilo moja na sehemu tisa. Akajaribu kila dawa iliyomo, zote mia mbili na kumi. Hakuna hata moja iliyokosea. Akasogeza kiti nyuma, akatazama ile diski mpya iliyokuwa haina mabaki ya kitu chochote, na taratibu, bila kutaka, akaelewa. Hesabu mpya iliandika kilo moja na nusu kuwa kumi na tano, kwa sehemu za kumi. Jedwali la zamani la dozi, kipande kilichobaki kwenye mashine yake kwa sababu hakufagia, lilisoma hiyo kumi na tano kuwa kilo. Kikokotoo hakukosea. Hakukosea hata nukta.

"Nimefagia, kaka," alijisikia akisema.

Mumewe alimkuta amekaa vile vile, chakula hakijapakuliwa. Alimsikiliza hadi mwisho, spana zake za mabomba bado ziko mkononi.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi andika imerekebishwa, yaishe. Marehemu hasomi orodha."

"Wifi ataisoma."

Na hilo ndilo lililokuwa halikwepeki. Toleo lijalo lingemtambulisha mfamasia kuwa mshika ufunguo mpya, lakini zahanati haziwezi kumwamini mpya mpaka wa zamani amtilie saini. Ufunguo wa zamani Kikokotoo alimwachia mkewe, flashi ndani ya bahasha, nywila kwa mwandiko wake, pamoja na agizo kwamba atie saini mara moja, kisha aivunje. Na mwenye ufunguo lazima asome. Sheria ni ya Mkunga mwenyewe.

"Wifi yako haelewi hata neno moja humo," mumewe akasema, kwa upole. "Andika chochote."

"Ndiyo maana siwezi."

Mumewe akaweka spana chini, akaenda kupakua chakula yeye mwenyewe.

Siku zilizobaki Mkunga hakula vizuri wala hakulala. Aliandika ule mstari akaufuta. Aliandika kwamba hesabu ya njiti imeongezwa. Kweli tupu, hakuna wa kumshika uongo. Akaufuta. Kilichokuwa kinamla zaidi hakikuwa Kikokotoo peke yake. Ni wale wauguzi na vipande vyao vya boksi. Miezi mitatu. Ni njiti wangapi wamezaliwa kwenye zahanati zile, na ni mara ngapi kalamu ya mtu aliyechoka imeteleza? Kitu kisicho na mwenyewe hakina anayehesabu. Hatajua kamwe, na alijua kwamba hatajua.

Siku ya toleo alifagia. Alifagia mara mbili. Saa tatu asubuhi akampigia wifi, ambaye alikuwa ameketi mbele ya kompyuta ya marehemu, mjukuu wake amemfungulia orodha kisha akaenda zake shuleni.

"Nasikia marehemu alikuwa anaanza kwa kuuliza kitu," wifi akasema. "Miaka yote namsikia toka jikoni. Umefagia?"

Mkunga akaitazama karatasi yake ukutani.

"Nimefagia, wifi."

Hakuongeza la kitanda. Wakaanza. Wifi alisoma polepole, kidole kwenye kioo, maneno mengine akiyavunja vipande viwili. Mkunga angeweza kuipanga orodha ili mstari ule uangukie zamu yake. Hakufanya hivyo. Aliuacha pale pale ulipokuwa mara ya kwanza, na alipomaliza kusoma wa kumi na tatu akafumba macho.

"Kumi na nne," wifi akasoma. "Hesabu ya dozi ya watoto njiti. Ilitolewa kwenye toleo lililopita kwa kosa la mjenzi, aliyejenga bila kufagia, kisha akasema amefagia. Kazi ya mwandishi haikuwa na kosa lolote."

Kidole kikasimama. Alisoma tena, safari hii kimoyomoyo.

"Mwandishi ni mzee wangu?"

"Ndiye."

"Na mjenzi?"

"Ni mimi, wifi."

Nje kwa wifi kuna mtu alikuwa anapiga nyundo, akaacha, akaanza tena.

"Alikuwa analitafuta," wifi akasema hatimaye. "Lile kosa. Tangu siku ile mlipoongea. Kesho yake akaanza kuikataa sindano ya saa sita, akisema inamchukua akili na yeye ana kazi. Anavumilia mpaka jioni, amelowa jasho, ananiambia nimshikie daftari. Mkono uliposhindwa kalamu akawa ananisomea namba, naandika mimi. Kila ukurasa ukiisha anasema, andika: hapa sijaliona. Naandika. Siku kumi na mbili, wifi."

Machozi yalimshuka Mkunga, akayaacha.

"Nilikuwa namwambia pumzika. Ananijibu, Mkunga kaliona, kwa nini mimi silioni."

"Wifi, nisamehe."

Wifi hakusema amesamehe wala hajasamehe. Alisafisha koo.

"Zamu ya nani?"

"Yangu."

"Basi soma. Mstari unaofuata."

Mkunga akasoma wa kumi na tano, wifi akasoma wa kumi na sita, hivyo hivyo mpaka wa thelathini na mbili. Mkunga akatia saini. Wifi akachomeka flashi, akaandika nywila herufi moja moja, akikosea mara mbili, ya tatu ikakubali. Toleo likatoka, likaanza kwenda zahanati kwa zahanati. Mkunga alisikia kitu kikivunjwa kwa jiwe au kwa kisigino, mapigo manne mafupi.

"Nimeshaivunja kama alivyosema," wifi akasema. "Sasa nisikilize. Lile daftari ninalo kabatini. Nilikuwa naliogopa, nikidhani ndani yake kuna kosa la mume wangu. Njoo ulichukue. Njoo kwa miguu yako, usinipigie tena simu."

Akakata. Mkunga akabaki ameshika simu kidogo, akaiweka juu ya meza, akainama chini kutafuta viatu vyake.